Je, ninunue kipokezi cha GPS kabla ya safari ya Turkana?

*"Mwezi Agosti tunasafiri kwa magari mawili, familia yangu na ya shemeji yangu, kutoka Nairobi hadi Loiyangalani kupitia Laisamis, halafu turudi kwa njia ya North Horr, Kalacha na Marsabit. Nina iPad ya Wi-Fi tu, isiyo na laini, na nataka niiweke kwenye dashibodi iwe ramani yetu kwa sababu kioo chake ni kikubwa na macho yangu yameanza kuzeeka. Nilipoijaribu barabarani haikunionyesha nilipo. Dukani Luthuli nimeonyeshwa vitu vitatu: kijiti cha GPS cha USB cha bei ya chini, kipokezi cha Bluetooth kisicho na jina ambacho muuzaji anasema kina WAAS na usahihi wa mita moja, na Garmin ya mkononi ya mtumba. Kijana wangu anasema niache kupoteza pesa, simu yangu ya Android inatosha. Shemeji anasema simu bila mtandao haina GPS, na huko tuendako mtandao ni wa kubahatisha. Mke wangu anataka chochote kitakachofanya tupatikane tukikwama. Ninunue kipi?"*

Ndugu msomaji, umeuliza swali moja lakini ndani yake mna matatu: kujua mlipo, kuona ramani kwenye kioo kikubwa, na kupatikana mkikwama. Hayo matatu hayatatuliwi na kifaa kimoja, na nadhani ndiyo sababu kila mtu nyumbani kwako ana jibu lake.

Kwa ufupi, kijana wako amekaribia ukweli kuliko nyote. Kati ya vitu ulivyoonyeshwa Luthuli, viwili usivinunue kabisa. Ile Garmin ya mtumba inafaa kufikiriwa, lakini si kabla ya kuijaribu kwa namna nitakayokueleza.

Tuanze na shemeji, maana hoja yake ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi. GPS haitegemei laini wala bando. Ni setilaiti za Marekani zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja inatangaza bila kukoma mambo mawili: saa kamili kwa mujibu wa saa yake ya atomiki, na mahali ilipo. Kipokezi kilichomo ndani ya simu kazi yake ni kusikiliza. Kinapima muda ambao mawimbi yametumia njiani, kinapata umbali wake kutoka kwa kila setilaiti, kisha kinakokotoa mahali pake. Setilaiti tatu zingetosha kama saa ya simu ingekuwa sahihi kama ile ya atomiki. Haiko hivyo, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na mita 300, kwa hiyo inahitajika setilaiti ya nne ili kosa la saa nalo likokotolewe. Simu nyingi za siku hizi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, kwa hiyo kwenye uwanda ulio wazi kama jangwa la Chalbi utaona setilaiti nyingi kuliko unavyozihitaji. Simu yenyewe hairushi chochote kwenda juu. Ndiyo maana GPS haili bando, na ndiyo maana pia haimwambii mtu yeyote ulipo. Hilo la pili tutalirudia tukifika kwa mama watoto.

Hata hivyo shemeji hajaota. Kuna mambo mawili yanayofanya watu waamini anachoamini. La kwanza ni kwamba kipokezi kikiamka kinahitaji taarifa za kina za njia ya kila setilaiti. Taarifa hizo hutangazwa na setilaiti yenyewe, pole pole sana, biti 50 kwa sekunde, na seti moja huchukua sekunde 30 kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikatiza mawimbi katikati, kwa mfano gari likipita chini ya miti, kinasubiri mzunguko mwingine. Simu iliyo na mtandao haisubiri. Inazivuta taarifa hizo kwa intaneti na kukuonyesha ulipo papo hapo. Kwa hiyo mtu aliyezoea jibu la haraka mjini, akifika mahali pasipo na mtandao, akaona dakika moja au mbili zinapita bila kitu, anasema GPS imekufa. Haijakufa. Itoe nje, iache itulie mahali inapoona mbingu, itapata. Taarifa hizo hufaa kwa takribani saa nne, kwa hiyo simu isiyozimwa mchana kutwa haitakusumbua tena.

La pili ni ramani, na hapa ndipo wengi hukwama. Kujua nukta ulipo ni jambo moja. Kuwa na picha ya barabara chini ya nukta hiyo ni jambo lingine. Ramani za kawaida kwenye simu huvutwa kwa mtandao kadiri unavyosogea. Mtandao ukikatika unabaki na nukta ya buluu juu ya karatasi nyeupe. GPS inafanya kazi yake barabara, ila hakuna ulichopakua.

Sasa iPad. Usiilaumu na usiipeleke kwa fundi, haijaharibika. iPad za Wi-Fi tupu hazina kabisa kipokezi cha GPS. Apple huweka kipokezi kwenye zile zenye nafasi ya laini peke yake. Yako hukisia mahali kwa kutambua mitambo ya Wi-Fi iliyo karibu. Nyumbani inakisia vizuri, barabarani inababaika, na kati ya North Horr na Kalacha haitakuwa na cha kukisia.

Inaweza kupewa kipokezi cha nje, na hapo ndipo muuzaji wako alipotaka kukuuzia kisichofaa. iPad haikubali kipokezi chochote cha Bluetooth kinachokuja mbele yake. Kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa na Apple. Vinavyojulikana ni kama Garmin GLO 2, vile vya Bad Elf na XGPS za Dual, ambavyo marubani wa ndege ndogo huvitumia sana. GLO 2 kwa mfano husikiliza GPS na GLONASS, hutoa mahali mara 10 kwa sekunde, na betri yake hudumu hadi saa 13. Ukiiunganisha, programu zote za ramani kwenye iPad hupata mahali kutoka kwake bila mipangilio ya ziada. Kwa hiyo njia ipo, na inafanya kazi vizuri. Swali ni kama inastahili pesa zako, kwa sababu bei ya kipokezi hicho, ukijumlisha usafirishaji na ushuru, inaweza kukaribia ya simu nzima ya Android ya kiwango cha kati. Simu hiyo ingekupa kipokezi, kioo, kamera na laini ya pili.

Kuna jambo jingine kuhusu iPad ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Apple wenyewe wanasema itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35. Loiyangalani mchana huvuka hapo kwa urahisi, na dashibodi chini ya kioo cha mbele huwa na joto zaidi ya lile la nje. Kifaa kikipata joto hupunguza mwanga, huacha kuchaji, na mwishowe hujizima kipoe. Simu nayo ina tabia hiyo hiyo, lakini ni ndogo, na unaweza kuibana mbele ya tundu la kiyoyozi. iPad ni pana, haina pa kujificha.

Rudi dukani Luthuli sasa. Kijiti cha USB kimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya mkononi. Kwenye iPad yako hakitafanya kitu. Kwenye simu ya Android unaweza kukilazimisha: waya wa OTG (wa kuunganisha kifaa cha USB na simu), programu ya kukisoma, kisha uingie kwenye chaguo za wasanidi programu na kuiruhusu programu hiyo itoe mahali badala ya kipokezi cha ndani. Baada ya jasho lote hilo umeziba tundu la kuchajia, na umeweka kipokezi ambacho mara nyingi ni dhaifu kuliko ulichokuwa nacho.

Kile cha Bluetooth kisicho na jina, iPad itakikataa kama nilivyosema. Na hayo maneno ya WAAS ni ya kweli mahali pengine. WAAS ni mfumo wa kusahihisha GPS uliojengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini. Ulaya wana wao, India wana wao. Masahihisho hayo hukokotolewa kutokana na vituo vya ardhini vya maeneo hayo, kwa hiyo kwa msafiri wa kaskazini mwa Kenya herufi hizo hazina faida yoyote. Mita moja usiitarajie. Simu ya kawaida chini ya mbingu wazi hukosea kwa mita 5 hivi, na kwa kutafuta barabara hiyo inatosha na kubaki. Akikusisitizia usahihi zaidi, mwulize kama simu au kipokezi anachouza kinasikiliza masafa mawili, yaani L1 na L5. Hilo lina maana kwetu tulio karibu na ikweta, kwa sababu tabaka la juu la anga letu huchafuka baada ya jua kutua na kuyachelewesha mawimbi. Kipokezi cha masafa mawili kinaweza kupima ucheleweshaji huo na kuuondoa. Lakini kwa dereva ni anasa, si sababu ya kubadilisha simu.

Garmin ya mtumba ndiyo ninayoiheshimu. Kifaa cha mkononi cha aina hiyo kina kioo kinachosomeka juani, hakijali vumbi, na kama ni cha jamii ya eTrex kinatumia betri mbili za AA ambazo unaweza kuzikuta hata kwenye duka la Laisamis. Matoleo kama 22x na 32x hukaa saa 25 hivi kwa jozi moja. Udhaifu wake ni kioo kidogo, na macho yako umeshaniambia habari yake. Mtumba una mtego wake pia. GPS huhesabu wiki kwa kaunta inayofika 1,023 kisha kurudi sifuri, na ilirudi sifuri Agosti 1999 na tena Aprili 2019. Kifaa cha zamani kisichosasishwa kinaweza kuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Vingine huendelea kuonyesha mahali vizuri huku tarehe ikiwa ya ajabu, vingine huchanganyikiwa kabisa. Kwa hiyo mwombe muuzaji mtoke naye nje, mbali na maghorofa. Kiwashe, kisha ukiache dakika 15 hadi 20, maana kifaa kilicholala kabatini miezi mingi, au kilichotoka bara lingine, kinahitaji kupokea upya orodha nzima ya setilaiti, ambayo peke yake huchukua dakika 12 na nusu. Angalia tarehe, kisha linganisha mahali na simu yako. Fungua nafasi ya betri uone kama kuna kutu ya kijani. Kwenye Chalbi hutataka kifaa kisichopokea ramani, kwa hiyo hakikisha kina nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Akikataa kutoka nje, umeshapata jibu.

Ushauri wangu basi ni huu. Simu yako ya Android iwe chombo kikuu. Simu ya shemeji, ikiwa na ramani zilezile, iwe ya akiba kwenye gari la pili, na ijaribiwe vilevile, sio kudhaniwa. Pesa ulizotaka kuzitumia kwa kipokezi zianze na mambo haya: kishikio imara cha simu, chaja nzuri ya gari na waya wake wa akiba, na pawabenki. Kikibaki kitu, na ile Garmin ikipita mtihani, inunue iwe chombo cha tatu kisichotegemea chaja. Kama macho kweli hayakubaliani na simu, na safari za namna hii utaendelea kuzifanya, hapo ndipo kipokezi kilichoidhinishwa kwa ajili ya iPad kinapokuwa uamuzi wa busara. Kwa safari moja, hapana.

Ramani ndizo za kukaa nazo usiku. Pakua Kenya yote kwenye OsmAnd au Organic Maps, zote zinatumia ramani huria za OpenStreetMap na hazihitaji mtandao zikishapakuliwa. Wasafiri wengi wa njia hizo hutegemea pia Tracks4Africa, ambayo ni ya kulipia. Weka programu mbili, usiweke moja, kwa sababu barabara iliyokosekana huku unaweza kuiona kule. Zikitofautiana, usiamini iliyo na mstari mnene. Kwenye Chalbi mstari wa ramani ni kumbukumbu ya gari la mtu aliyepita siku moja ya kiangazi; kwenye chumvi ile kila dereva hukata njia yake, na mvua ikinyesha njia zote hugeuka tope. Kabla ya kuondoka, wekeni alama kwenye kila kituo, Loiyangalani, North Horr, Kalacha, Maikona, Marsabit, na mzihifadhi kwenye simu zote mbili. Na kila asubuhi washa kurekodi njia. Mkijikuta mbele hakupitiki, mstari wa mlikotoka ndio ramani pekee mnayoweza kuiapia, kwa kuwa ni nyinyi mlioupita.

Mkitumiana namba za mahali, angalieni mtindo wa kuziandika. Kwa mfano, mtu anaweza kuwapa "1.17" ya Nairobi akiwa anamaanisha nyuzi 1 na dakika 17, na programu itazisoma kama nyuzi 1.17. Tofauti yake ni kilomita 12 hivi. Huko mwendako mtakuwa kaskazini mwa ikweta, Nairobi iko kusini, kwa hiyo herufi N na S, au alama ya kutoa, isiachwe. Na kama shemeji atakuja na zile ramani za karatasi za serikali za kipimo cha 1:50,000, aambiwe kwamba zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, si WGS84 unaotumiwa na GPS. Asipobadilisha mpangilio huo kwenye kifaa, nukta yake itaangukia takribani mita 300 mbali na mahali pake kwenye karatasi. Ataapa kifaa ni kibovu.

Sasa mama watoto, ambaye swali lake ndilo zito zaidi na hakuna hata kimoja kati ya vile vitu vitatu kinacholijibu. Kipokezi hupokea. Ili mpatikane, lazima kitu kirushe ujumbe. Palipo na mtandao hata hafifu, tuma namba za mahali kwa SMS ya kawaida, kwani mara nyingi hupenya pale ambapo simu ya sauti na data zimeshindwa. Pasipo na mtandao kabisa, kifaa cha kufanya kazi hiyo ni kitumaji ujumbe cha setilaiti, kama vile inReach za Garmin zinazopitia setilaiti za Iridium. Kina kitufe cha dharura na kinahitaji malipo ya huduma kila mwezi. Kabla ya kukinunua au kukiagiza, uliza Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kuhusu kibali. Simu kadhaa mpya zina ujumbe wa dharura wa setilaiti, lakini huduma hiyo haiko kila nchi, kwa hiyo usiitegemee mpaka uone Kenya imetajwa. Kukodi huwa na maana kuliko kununua kwa safari moja. Waulize wenye kampuni za safari za kaskazini kama wanakodisha.

Lisilogharimu kitu ni hili: mwachieni ndugu mmoja Nairobi karatasi yenye njia yenu, namba za magari, na saa mtakayopiga simu kila mji. Mwambieni pia atafanya nini saa hiyo ikipita, ampigie nani. Wengi huacha karatasi bila maagizo hayo.

Kuna maswali ambayo siwezi kukujibu kutoka hapa. Simu yako ikikaa nje dakika 10 bila kuona setilaiti hata moja, mpelekee fundi aangalie antena, hasa kama iliwahi kubadilishwa kioo au kifuniko cha nyuma. Hali ya Chalbi wiki hiyo waulize wenyeji na polisi wa Marsabit au North Horr, pamoja na habari za usalama. Na kwa kipande kati ya North Horr na Maikona, mchukueni mwelekezi Mgabra, mwenyeji wa huko. Naandika hivi nikiwa mtu wa setilaiti: kama bajeti inatosha kimoja tu, Garmin au mwelekezi, chukua mwelekezi.

Kabla ya yote, fanyeni mtihani Jumapili moja. Pakua ramani, weka simu zote mbili kwenye hali ya ndege huku huduma ya mahali ikiwa imewashwa, kisha nendeni Magadi na kurudi, magari yote mawili, simu zikiwa kwenye vishikio na chaja zake. Mkitoka Kiserian na kuanza kuteremka bondeni mtajua kama nukta inafuata barabara. Mkifika Magadi kwenye joto mtajua kama simu inavumilia na kama chaja inashinda matumizi ya kioo. Kama vioo vya gari vimebandikwa karatasi ya rangi yenye madini, mtaona nguvu ya mawimbi ikishuka; programu iitwayo GPSTest inaonyesha namba ya nguvu ya mawimbi ya kila setilaiti, na zikiwa 30 au zaidi mambo ni mazuri, zikiwa chini ya 20 sogeza simu. Chukua iPad pia, ikae kiti cha nyuma na ramani zilizopakuliwa. Watoto wataitumia kutafuta majina ya vilima.